Tarumbeta Likinyamaza, Nani Atatuamsha?

Wananchi wengi wanaokutana nasi tukiwa katika sare huamini jambo moja ambalo hatuna budi kulisahihisha. Huamini kwamba askari amezaliwa na moyo wa chuma: kwamba huamka kabla ya jogoo kwa kuwa anapenda kuamka, hukimbia masafa marefu kwa kuwa anapenda kukimbia, na hutandika kitanda chake kwa kuwa hawezi kuvumilia kitanda kisichotandikwa. Ndiyo maana mara kwa mara tunaulizwa, arusini na matangani, sokoni na ndani ya basi: "Afande, nifanyeje niache pombe? Kijana wangu nimfanyeje ili aamke mapema? Nipeni hiyo dawa yenu ya nidhamu."

Jibu la kweli ni fupi, na huenda likamvunja moyo aliyeuliza. Askari huamka mapema kwa sababu tarumbeta limelia. Lisipolia, yeye ni mtu kama watu wengine. Ana usingizi, ana uvivu, ana huzuni zake, na ana kiu yake. Kwa hiyo swali linalotupasa kujiuliza, sisi tulio kambini na ninyi mlio uraiani, si jinsi ya kupata moyo wa chuma. Swali ni hili: tarumbeta likinyamaza, ni nani atakayetuamsha?

KAZI YA TARUMBETA

Hata hivyo tusilidharau tarumbeta. Sisi tuliopitia chuo cha maofisa kadeti tumeiona kazi yake kwa macho yetu. Vijana huingia chuoni wakiwa wamezoea kulala mpaka jua liwachome, kula wanapojisikia, na kuacha nguo zilipoangukia. Baada ya majuma machache vijana hao hao huonekana wamesimama mstarini saa kumi na moja alfajiri, viatu vinang'aa, blanketi zimekunjwa pembe kwa pembe. Mzazi akiwaona husema kwamba mwanawe amebadilika.

Siri ya mageuzi hayo haikuwa nguvu ya moyo. Siri ilikuwa kuondolewa kwa hiari. Kadeti anapolala usiku hajiulizi kama kesho ataamka au hataamka. Jambo hilo limekwisha amuliwa na mtu mwingine. Kitanda hufuatwa na viatu, viatu hufuatwa na gwaride, gwaride hufuatwa na chai, na chai hufuatwa na darasa, kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Mwili hujifunza mpangilio huo kabla ya akili kuukubali.

Lakini elimu hiyo ina upungufu wake, na upungufu huo hujitokeza mapema. Kadeti akienda nyumbani kwa likizo yake ya kwanza, siku ya pili hulala mpaka saa nne. Blanketi lililokuwa likikunjwa pembe kwa pembe hubaki limejiviringisha sakafuni. Ni dhahiri basi kwamba tabia ile haikuwa imeingia ndani yake. Ilikuwa mali ya kambi, na aliiacha langoni pamoja na bunduki.

WALIOVUA SARE

Kwa kijana wa likizo jambo hilo ni la kuchekesha. Kwa mtu mzima aliyelitumikia jeshi miaka ishirini halichekeshi hata kidogo. Baina ya mwaka 1992 na mwaka 1995 jeshi la Uganda, ambalo wakati ule liliitwa NRA, liliwapunguza askari zaidi ya 36,000 na kuwarudisha uraiani. Serikali iliunda bodi maalumu ya kuwasaidia. Walipewa fedha za kuanzia maisha, mabati ya kuezekea nyumba, na usafiri wa kuwafikisha wilayani kwao. Tangu wakati huo wengine wengi wamefuata kwa kustaafu kama kawaida. Wengi wao ni wakulima hodari, wafanyabiashara, na wazee wanaoheshimiwa vijijini. Wengine walishindwa, na aghalabu walioshindwa hawakushindwa na njaa. Walishindwa na asubuhi.

Miaka michache iliyopita alitujia ofisini sajini mmoja mstaafu. Alipiga saluti iliyonyooka, ingawa shati lake lilikuwa limekosa vifungo viwili. Alisema amekuja kuomba barua ya kumtambulisha, kwani alikuwa anatafuta kazi ya ulinzi. Barua ilikuwa tayari baada ya robo saa, naye hakuondoka. Alikaa akiigeuza geuza bahasha mkononi, kisha akasema: "Afande, saa kumi na moja macho hufunguka yenyewe kama zamani. Lakini sijui naamkia nini."

Ndipo alipotueleza mengine. Mkewe humkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu amekwisha kuvifunga kamba, akiutazama ukuta mpaka jua linapochomoza. Kufikia saa nne yuko kilabuni. Fedha za kiinua mgongo alizinunulia pikipiki ya boda boda. Pikipiki hiyo ilikuwa imekwisha uzwa. Watoto wake walikuwa wamejifunza kunyamaza wasikiapo hatua zake. Mtu huyu alikuwa amewahi kuongoza watu usiku katika msitu wasioujua, akawarudisha wote wakiwa hai. Sasa alikuwa hawezi kujiongoza kutoka kitandani mpaka bustanini.

Hatukuwa na dawa ya kumpa. Tulichoweza kufanya ni kumpeleka kwa mama mmoja mshauri katika kituo cha afya kilichokuwa karibu na kwake. Habari za mama huyo tutazirudia baadaye.

SI ASKARI PEKE YAO

Huenda msomaji asiyepata kuvaa sare akadhani kwamba jambo hili halimhusu. La hasha. Kila mtu wa zama hizi anatoka katika kambi fulani. Mwanafunzi wa shule ya bweni huamshwa na kengele kwa miaka sita, kisha siku moja anajikuta chuoni ambako hakuna anayemuuliza kama amehudhuria darasa. Binti aliyelelewa na shangazi mkali anapata kazi mjini na chumba chake mwenyewe. Mfanyakazi aliyezoea king'ora cha kiwanda anaona kiwanda kimefungwa.

Kijiji nacho kilikuwa na tarumbeta lake. Mvua za masika ziliwatoa watu kitandani, kwa kuwa mahindi hayamngojei mtu. Jogoo, adhana, na kengele ya kanisa viligawa siku. Jirani aliyepita na jembe begani alikuwa kama mkaguzi wa gwaride: akiona mlango wako umefungwa saa tatu, atabisha hodi aulize kama u mgonjwa. Miguu ilikuwa ndiyo usafiri. Chakula kilipikwa nyumbani, na pombe ilinyweka kwa siku yake, katika mtungi mmoja wa malwa uliozungukwa na watu wengi wanaojuana, nao wazee wakitazama.

Mjini mambo hayo hayapo. Katika Kampala mtu aweza kulala siku mbili na jirani asijue. Boda boda humchukua mlangoni pa nyumba na kumtua mlangoni pa ofisi. Taa ya umeme imeufuta usiku. Chakula cha kukaangwa chauzwa katika kila pembe ya njia. Waragi uliwahi kuuzwa katika vipakiti vidogo vya plastiki kwa shilingi chache, hata mwanafunzi akaweza kuuficha katika soksi, mpaka serikali ilipoupiga marufuku ufungaji huo mwaka 2019. Nayo simu ya mkononi imekuwa tarumbeta jipya. Ila tarumbeta hili halituamshi kwa faida yetu, bali hutuita kila dakika kwa faida ya wengine.

Hatusemi kwamba tukimbie mji tukarudi zamani. Maisha ya kisasa yametupa hospitali, shule, na uhuru wa kuchagua. Lakini uhuru wa kuchagua ni mzigo kwa mtu ambaye hakufundishwa kuubeba. Zamani mtu aliweza kuishi vizuri bila ya kufikiri sana juu ya namna ya kuishi, leo hawezi.

SIKU SITINI NA SITA

Je, tabia huingiaje ndani ya mtu hata ikawa yake mwenyewe? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa utulivu. Katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, Phillippa Lally na wenzake waliwachukua watu 96 waliojitolea, kila mmoja akachagua jambo dogo moja la kufanya kila siku: kunywa maji baada ya chakula, kula tunda mchana, au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Waliwafuatilia kwa siku 84. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la mwaka 2010, yalionyesha kwamba kwa makadirio ya katikati ilichukua siku 66 jambo kuwa la kujiendea lenyewe bila ya kusukumwa. Lakini tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: mwingine siku 18 zilimtosha, na mwingine alikadiriwa kuhitaji siku 254.

Kwa maoni yetu, mambo matatu katika uchunguzi huo yafaa yawekwe moyoni.

La kwanza ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo. Hakuna aliyeahidi kuwa mtu mpya kuanzia Januari mosi. Ahadi kubwa ni tamu kinywani, lakini hazina mahali pa kukaa katika siku ya mtu. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na hapa sayansi imekubaliana nao.

La pili ni kwamba kila jambo lilifungwa kwenye jambo jingine ambalo tayari lipo: baada ya chai, baada ya chakula, kabla ya kuoga. Hii ndiyo maana halisi ya tarumbeta la ndani. Mtu asiye na mpiga tarumbeta aweza kuufanya mswaki wake uwe tarumbeta, au birika lake la chai, au kamba za viatu vyake.

La tatu, ambalo kwa sisi wanajeshi lilitushangaza, ni kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kazi yake. Siku iliyofuata aliendelea, na tabia ikazidi kujengeka. Jeshini kukosa gwaride moja ni kosa lenye adhabu, na ni haki liwe hivyo, kwa kuwa maisha ya wenzako yamo mikononi mwako. Lakini mtu anayejitawala mwenyewe akijiadhibu kwa kila siku aliyoikosa, mara nyingi huacha kabisa. Ni wangapi tunaowajua walioshinda mwezi mzima bila ya pombe, wakanywa glasi moja katika arusi ya ndugu, kisha wakasema, "Basi, nimekwisha haribu," wakarudi walikotoka?

MWILI NAO UNA HAKI YAKE

Kuhusu mambo yenyewe ya kufanya, hayana siri wala gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima kuutumikisha mwili wake kwa kiasi cha wastani dakika zisizopungua 150 kwa juma. Hesabu hiyo si kubwa kama inavyosikika: ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kwahesabiwa. Anayeteremka basi vituo viwili kabla ya kwake amekwisha kulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni sisi tukaao mezani.

Shirika hilo hilo lashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, ambazo hazifiki kujaza kijiko kidogo cha chai, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo hilo humwua mtu bila ya kumwonya. Juu ya pombe lilitamka waziwazi mwezi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Nao usingizi, ambao vijana wa leo huuona kama upotevu wa wakati, wapasa kufika saa saba au zaidi kwa mtu mzima. Komanda yeyote mwenye akili anajua kwamba kikosi kisicholala hufanya makosa; basi ni ajabu kwamba baba wa nyumba, mwalimu, na dereva wa lori hujidhani wao ni tofauti.

Lakini msomaji anajua haya. Sajini wetu naye aliyajua. Hakuna mlevi asiyejua kwamba pombe yadhuru. Ikiwa maarifa yangetosha, makala moja kama haya ingalimaliza kazi. Yapo yanayomzuia mtu kutenda anayoyajua, na hayo hayatolewi kwa amri. Hapa ndipo inapoanza kazi ya mshauri.

SIKIO LA MSHAURI

Nchi yetu ilijifunza thamani ya ushauri katika shule iliyo chungu kuliko zote. Mnamo Septemba 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimweleza Rais Museveni kwamba miongoni mwa maofisa 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya ukimwi. Habari hiyo ingaliweza kufichwa kama siri ya kijeshi. Haikufichwa, nchi ilianza kusema. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO, ambalo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuketi na mgonjwa na jamaa zake na kuwasikiliza. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema kwamba anaugua, akatumia miezi yake ya mwisho kuwaonya vijana. Alifariki Desemba ya mwaka huo. Wakati ule dawa za kurefusha maisha hazikuwapo. Kilichokuwapo ni neno na sikio, navyo viliwazuia watu wengi kufa kabla ya kifo chao. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Somo hilo halikuishia kwenye ukimwi. Katika wilaya za Masaka na Rakai wataalamu waliwauliza wanavijiji maradhi ya moyo huitwaje kwao, nao wakataja mawili: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Mwaka 2002, katika vijiji 30, watu wenye huzuni hizo walikutanishwa kwa makundi madogo mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, na mageuzi ya maisha. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, miongoni mwa waliohudhuria makundi hayo ni asilimia 6.5 tu waliobaki na ugonjwa mkubwa wa huzuni, hali katika vijiji ambavyo havikupata msaada huo walibaki asilimia 54.7. Hakukuwa na vidonge. Kulikuwa na viti, kivuli, na saa moja na nusu ya kusikilizana.

Miaka minne baadaye, katika mji ule ule wa Harare tulioutaja, daktari Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kuketi bencini nje ya zahanati na kumsikiliza yeyote anayesumbuliwa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nyanya humwacha mtu ayataje matatizo yake yote, kisha humwomba achague moja tu, nao wawili hutafuta hatua ya kwanza inayowezekana. Juma lijalo hurudi kuulizana imekuwaje. Uchunguzi uliohusu watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulithibitisha kwamba waliokaa bencini walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Penye wazee haliharibiki neno. Na hapa wazee walipewa benchi.

Hivi ndivyo alivyofanya yule mama mshauri kwa sajini wetu. Hakumwambia, "Usinywe." Amri hiyo alikuwa amekwisha kuisikia kwa mkewe, kwa kaka yake, na kwa padri. Alimwuliza swali: jua likichomoza, angependa awe amekwisha kufanya nini? Sajini alifikiri kwa muda mrefu, akataja miche michache ya kahawa aliyokuwa ameiacha ikauke nyuma ya nyumba. Wakapatana: akimaliza kufunga kamba za viatu, asiketi tena, bali aende akaimwagilie. Mkewe aelezwe. Kila Jumatano arudi kituoni aseme imekuwaje. Mambo yalikuwa hayo tu.

Mwaka wa kwanza alianguka mara nyingi. Jumatano nyingine alifika akinuka, naye mama hakumfukuza. Alimwuliza kama miche imekunywa maji. Tulipopita kwake mara ya mwisho mibuni ilikuwa imefika kiunoni. Yeye alikuwa hajanywa kwa majuma saba. Hakutuambia kwamba ameacha. Alituambia kwamba ni majuma saba. Kijana wake wa mwisho alikuwa amesimama karibu naye, akiwa ameshika ndoo.

WASEMAO KWAMBA NI MAMBO YA KIGENI

Wako watakaosema kwamba ushauri wa namna hii ni desturi ya Wazungu, na kwamba mwanamume wa Kiafrika hatoboi siri zake mbele ya mgeni. Tunawaomba wakumbuke vizuri. Buganda ilikuwa na senga, shangazi aliyemfunda binti mambo ya ndoa yasiyosemwa na mama. Wazee wa Acholi walikuwa na wang oo, moto wa jioni ambao watoto na watu wazima waliuzunguka, wakasikia hadithi, wakasuluhishwa, wakafundishwa. Vita vya kaskazini vilipowasukuma watu katika kambi za wakimbizi wa ndani, mioto hiyo mingi ilizimika. Kwa hiyo kilicho kigeni si kuketi na kusema. Kigeni ni huku kunyamaza kwetu, kila mtu na simu yake, kila mtu na chupa yake.

Wengine watasema, tena kwa haki, kwamba maskini hana nafasi ya kujijenga. Anahitaji kazi, shamba, na karo ya shule. Ni kweli kwamba mshauri hagawi mashamba. Sajini wetu hakupata ile kazi ya ulinzi, na pikipiki yake haikurudi. Lakini mtu aliyevunjika moyo huweza kupewa shamba akaliuza kwa kileo, kama tulivyokwisha kuona. Msaada wa mali na msaada wa moyo ni mikono miwili ya mtu mmoja. Mmoja ukikosekana, mwingine haufungi fundo.

Na kwa wenzetu wa vikosini, hasa walio viongozi, tuna neno moja. Tumefundishwa kukagua bunduki kila siku ili kutu isiingie. Koplo anayeanza kukaa peke yake katika kile kibanda kifupi ambacho askari hukiita "mama ingia pole", asiyecheka tena mesini, anayegombana na mkewe kwa simu usiku, huyo naye amepata kutu. Kumwita na kumsikiliza hakupunguzi cheo cha ofisa. Aidha, anayekaribia kustaafu asifundishwe tu jinsi ya kutunza fedha; asaidiwe kuamua, hali bado yumo kambini, ataamkia nini siku tarumbeta litakapolia kwa ajili ya wengine.

UMEAMKAJE?

Tunao utaratibu mzuri wa kuamkiana katika lugha hii. Mtu huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na kwa kila swali hujibu, "Nzuri." Hata aliyefiwa hutanguliza "nzuri" kabla ya kutaja msiba. Ni adabu, nasi hatutaki ipotee.

Tunachomwomba msomaji ni kuongeza swali moja. Achague mtu mmoja anayemjua: mstaafu wa jirani, kijana aliyekosa kazi, mwalimu aliyehamishwa mbali na familia yake, au ndugu aliyeanza kunywa asubuhi. Baada ya salamu zote kwisha na "nzuri" zote kujibiwa, asiondoke. Akae kidogo, kisha amwulize tena, kwa sauti ya chini: "Na kweli, umeamkaje?" Halafu anyamaze, amsubiri ajibu.